Mtembea kwa Miguu si Adui wa Maji ya Kunywa

Mwishoni mwa Aprili, theluji ya Massachusetts ikishayeyuka na vijito vikiwa bado vimefura, magari huanza kuegeshwa mbele ya geti la chuma lenye namba 40, kando ya barabara inayounganisha miji midogo ya Hardwick na Petersham, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Geti limefungwa kwa magari, lakini ubavuni kuna upenyo wa mtu kupita. Hakuna kiingilio wala kibali. Masharti ni ya kueleweka na mtoto: mbwa haruhusiwi, kuogelea hakuruhusiwi, hata kutumbukiza miguu majini hakuruhusiwi, na moto usiwashwe. Ukikubali hayo, njia ni yako kutwa nzima. Unaingia katika ardhi ya bwawa la Quabbin ambalo, likisaidiwa na bwawa dogo la Wachusett, linanywesha watu wapatao milioni tatu wa Boston na miji jirani. Na maji hayo yanafika bombani bila kupita katika mtambo wowote wa kuchuja.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyekua akiona mabango ya kumkataza kusogelea chanzo cha maji, habari hii inasikika kama uzembe wa serikali iliyolewa shibe. Kama kuna mahali pa kuweka uzio na askari, si ndipo hapo? Mimi naona kinyume. Mtu anayetembea kwa miguu katika ardhi ya vyanzo vya maji, akiwa chini ya masharti machache yanayosimamiwa kweli, hayahatarishi maji hayo kwa kiasi cha kutisha, na mamlaka inayomfungia nje inapoteza mlinzi ambaye isingeweza kumlipa mshahara. Hoja hii ina mipaka yake, na nitaitaja, kwa sababu wanaopinga si wajinga. Wana ushahidi, na sehemu ya ushahidi wao ni mzito.

Quabbin si ziwa la asili. Hadi miaka ya 1930 lilikuwa bonde la mto Swift, lenye mashamba, viwanda vidogo, reli na miji minne: Dana, Enfield, Greenwich na Prescott. Boston, iliyoko zaidi ya kilomita 100 upande wa mashariki, ilikuwa na kiu, na mwaka 1927 jimbo likapitisha sheria ya kulichukua bonde hilo. Wakazi wapatao 2,500 wakaondolewa. Makaburi zaidi ya 7,500 yakafukuliwa na mabaki kuzikwa upya, mengi yakipelekwa katika makaburi mapya yaliyotengwa karibu na mji wa Ware. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1938 watu wa Enfield walikusanyika katika ukumbi wa mji wao kwa dansi ya kuagana, na ilipogonga saa sita usiku miji yote minne ikawa imefutwa kisheria. Maji yalianza kukingwa Agosti 1939, na bwawa likajaa mwaka 1946. Leo lina eneo la maji la kilomita za mraba zipatazo 100 na uwezo wa kuhifadhi lita trilioni moja na nusu. Nyuma ya kila glasi ya maji ya Boston kuna watu waliohamishwa kwa nguvu ya sheria, na jambo hilo halipaswi kusahaulika tunapouliza nani ana haki ya kukanyaga ardhi ile.

Njia ya geti 40 inakwenda kwenye kiini cha mji wa Dana, mwendo wa kama kilomita tatu juu ya lami kuukuu iliyopasuka. Mwezi Aprili na Mei miti haijafunga majani, kwa hiyo jicho linaona mbali: kuta za mawe zilizokuwa mipaka ya mashamba sasa zinakatiza katikati ya msitu bila kugawa chochote, na kwenye mabwawa ya msimu yaliyojazwa na theluji vyura wadogo wanapiga kelele mchana kweupe. Dana yenyewe haikuzama. Uwanja wake wa katikati upo juu ya usawa wa maji, na ungali wazi, una nyasi. Pembeni mwake kuna mashimo ya misingi yaliyojengewa mawe, yamejaa majani makavu ya miaka mingi, na ngazi za mawe zinazopanda kwenda kwenye milango isiyokuwapo. Jiwe la kumbukumbu linawataja waliotoa makazi yao na maisha yao ya kila siku. Nyumba za hapa zilibomolewa kwa sababu moja tu: hazikutakiwa kuwa karibu na maji ya kunywa. Serikali iliyowaondoa watu wa Dana kwa hoja ya usafi wa maji ndiyo leo inayowaruhusu wajukuu wao na mtu mwingine yeyote kutembea uwanjani hapo. Je, imejipinga yenyewe? Hapana, kwa sababu kuishi na kupita ni mambo mawili. Mji una vyoo, mifugo, mbolea, mafuta na majitaka kila siku ya mwaka. Mtembeaji ana chupa ya maji na mkate, na jioni amekwenda zake.

Tuje kwenye maji yenyewe. Matone yanayoingia Quabbin hukaa humo kwa wastani wa miaka minne hivi kabla ya kutoka. Katika muda huo tope linazama, jua linaua bakteria, na vimelea vingi vinakufa au kutua chini. Kisha maji yanasafiri kwa mteremko, bila pampu, katika handaki la kilomita 40 hivi hadi Wachusett, ambako nako yanakaa. Ndipo yanapofikishwa kwenye mtambo wa Marlborough, uliofunguliwa mwaka 2005, kutiwa gesi ya ozoni; na tangu 2014 yanapigwa pia mionzi ya urujuanimno, ambayo inakiharibu kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, kile kisichojali klorini. Kanuni ya serikali ya Marekani ya mwaka 1989 ndiyo inayoruhusu mji kutokuchuja maji yake, kwa masharti magumu: vijidudu vya kinyesi visizidi kiwango kilichowekwa, maji yasiwe na tope, na mamlaka ithibitishe kuwa inaitawala ardhi inayoyazalisha. Kwa hiyo wahandisi wa huko hawalali wakisubiri bahati. Wanapima. Na walipopima walikuta mchafuzi wao mkubwa ni ndege. Shakwe, wanaokula jalalani mchana na kuja kulala juu ya maji jioni, wanadondosha kinyesi karibu na milango ya kuchotea maji. Jibu likawa kutuma watumishi kwa boti kuwafukuza kwa baruti za kelele, kazi inayofanyika miaka nenda miaka rudi. Mtembeaji wa geti 40 hajawahi kutumiwa boti.

Ukitazama maafa makubwa ya maji ya kunywa katika nchi tajiri, picha ni hiyohiyo. Machi na Aprili 1993, msimu uleule wa theluji kuyeyuka, wakazi wapatao 400,000 wa Milwaukee waliugua kuharisha kwa kriptosporidiamu. Milwaukee ilikuwa na mitambo ya kuchuja. Mmojawapo ulizidiwa, tope likapita. Mei 2000 mvua kubwa katika mji wa Walkerton, Kanada, iliosha samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua, huku waliokabidhiwa klorini na vipimo wakiwa wamezembea. Matukio yote mawili ni ya majira ya kuchipua, na kuna sababu: maji ya theluji na mvua za kwanza ndiyo yanayofagia kilichorundikana ardhini wakati wa baridi. Lakini katika yote mawili hutamkuta mtu mwenye buti na kofia akipita msituni. Utakuta mifugo, majitaka, mtambo mbovu na mtumishi mzembe.

Hapa mpinzani mwangalifu atanikatiza, na ana haki. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika baadaye ulionyesha kuwa kimelea cha Milwaukee kilikuwa cha aina inayoishi hasa kwa binadamu, si kwa ng'ombe. Maana yake ni kwamba hakuna mnyama anayebeba ugonjwa wa binadamu kwa uhakika kuliko binadamu mwenyewe. Kulungu akijisaidia kando ya kijito, huenda vimelea vyake havitufanyi kitu. Mtembeaji mmoja mgonjwa akifanya vivyo hivyo, hadithi ni nyingine. Siikwepi hoja hii. Ndiyo inayoeleza masharti ambayo vinginevyo yangeonekana ya kikoloni: kwa nini choo kiwekwe getini kabla mtu hajaanza safari, kwa nini kuogelea kukatazwe hata siku ya joto kali, kwa nini mbwa asikanyage. Mwili unaozama majini unaacha kilichomo ndani yake papo hapo, bila udongo wa kuchuja na bila muda. Mguu unaokanyaga njia iliyo mbali na ukingo una safu ya majani, udongo na mizizi kati yake na maji. Tofauti iko katika umbali na muda, na hivyo vyote vinaweza kupangwa kwenye ramani. Quabbin wamevipanga: rasi nzima ya Prescott, inayoingia katikati ya bwawa, imefungwa kwa umma, pia kisiwa kikubwa cha Mount Zion. Sehemu nyingine ziko wazi. Kuna jambo moja ambalo sijapata kulielewa vizuri, nalo ni kuruhusu boti za uvuvi zenye injini katika baadhi ya maeneo huku mtoto akikatazwa kulowesha kisigino. Nadhani wavuvi walikuwa na wabunge wazuri. Hata hivyo boti nazo zimebanwa tangu 2009, kome vamizi walipoonekana katika ziwa lingine la jimbo hilo, na sasa haziingii bila kusafishwa au kuthibitishwa.

Wapo watakaosema: kama choo na umbali vinasaidia, kufunga kabisa kunasaidia zaidi. Watataja Melbourne, Australia, ambako misitu ya vyanzo vya maji imefungwa kwa umma kwa zaidi ya miaka 100 na maji yake yanasifiwa duniani. Mfano huo ni wa kweli na sina la kuuondolea heshima. Mji uliopata bahati ya kumiliki milima mitupu unaweza kuamua hivyo. Ila anayeutaja Melbourne lazima autaje na Portland, Oregon. Bonde la Bull Run, linalonywesha mji huo, lilifungwa kwa sheria ya Marekani mwaka 1904. Hakuna mtembeaji, hakuna mvuvi, hakuna mwenye kuchuma uyoga. Mwaka 2017 kriptosporidiamu ilionekana mara kadhaa katika maji yake, wanaodhaniwa kuileta wakiwa wanyamapori, na mji ukapoteza ruhusa ya kutotibu maji dhidi ya kimelea hicho. Sasa unajenga mtambo wa kuchuja wenye gharama ya zaidi ya dola bilioni moja. New York ilikwenda njia tofauti. Milima ya Catskill, inayozalisha sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo, ina vijiji, mashamba na wenyeji wanaoishi humo, na tangu makubaliano ya mwaka 1997 jiji limekuwa likinunua ardhi, likiwalipia wakulima gharama za kuzuia samadi, na kukarabati mashimo ya vyoo vya watu. Baadaye likafungua sehemu kubwa ya ardhi iliyonunuliwa kwa watembeaji bila kibali. Ruhusa yake ya kutochuja imeongezwa mwaka 2007, na tena 2017. Sitasema kwamba kuwafungulia watu milango ndiko kulikosafisha maji ya New York. Nasema tu kwamba mdhibiti mkali, mwenye vipimo mkononi, aliona milango iko wazi na hakuona sababu ya kuinyima New York ruhusa.

Kufunga nako kuna madhara yake, na Quabbin yenyewe ilijifunza hilo kwa uchungu. Tangu miaka ya 1930 uwindaji ulikatazwa katika ardhi ile, kwa nia njema: watu wachache, bunduki chache, maji safi. Kulungu wakazaana bila wa kuwapunguza, kwa kuwa mbwamwitu walikwisha kuangamizwa zamani. Kila mche wa mwaloni au mpaini ulioota uliliwa kabla haujafika magotini. Kufikia miaka ya 1980 msitu ulikuwa na wazee tu, miti mikubwa ya rika moja, na chini yake hakuna warithi. Wasimamizi walijua maana yake, kwa sababu Septemba 1938, bonde likiwa bado linatayarishwa, kimbunga kikubwa kilipita New England na kulaza misitu kwa maelfu ya ekari. Kimbunga cha namna hiyo kikipiga msitu wa wazee watupu, udongo unabaki uchi na mvua inaupeleka bwawani, na tope likishaingia ruhusa ya kutochuja iko mashakani. Ndiyo maana mwaka 1991, baada ya ubishi mkubwa na maandamano, uwindaji wenye udhibiti ulianza, na miche ikarudi. Ulinzi uliokuwa umejengwa juu ya kuwaweka watu mbali ulikuwa unautafuna polepole msitu ambao ndio chujio halisi la maji yale.

Hoja nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, ni ya magaidi: atakayetaka kuwawekea watu sumu ataingia kama mtembeaji. Baada ya Septemba 2001 hofu hiyo ilienea Marekani nzima na barabara inayopita juu ya ukuta wa Quabbin ikafungwa kwa magari. Sawa, gari linaweza kubeba tani kadhaa. Lakini mtu mmoja mwenye mkoba mgongoni anakabili lita trilioni moja na nusu zinazokaa miaka minne. Hata angebeba sumu ya kutisha, ingetawanyika hadi isionekane. Mwenye nia mbaya atatafuta sehemu za mwisho za mfumo, matangi na mabomba ya mjini, na huko ndiko kufuli linakotakiwa. Tena njia yenye wapita njia kila Jumamosi ina macho mengi. Bonde lililofungwa lina macho ya askari wawili watatu na ukubwa wa kumshinda yeyote kati yao.

Hilo la macho ndilo kiini cha ninachotaka kusema. Ardhi ya vyanzo vya maji haiharibiwi na wapita njia. Inaharibiwa na maamuzi yanayofanyika ofisini: kibali cha kujenga, bajeti iliyokatwa, mkataba wa kukata miti, ujanja wa kuuza kipande cha msitu. Dhidi ya hayo uzio hausaidii kitu. Kinachosaidia ni umma unaojua kilichopo nyuma ya uzio. Miaka ya 1970 wahandisi wa Massachusetts walitaka kuongeza maji ya Quabbin kwa kuchepusha mto Connecticut. Wananchi wa bonde walipinga, kamati ya ushauri ya raia ikaundwa mwaka 1977, na wakashika hoja moja kwa ukaidi: zibeni kwanza mabomba yanayovuja Boston. Mpango wa kuchepusha mto ulikufa. Matumizi ya maji, yaliyokuwa zaidi ya galoni milioni 300 kwa siku miaka ya 1980, yalishuka hadi karibu milioni 200, na bwawa ambalo wataalamu walisema halitoshi linatosha hadi leo. Serikali kuu ilipokuja kuishtaki mamlaka ya maji ikidai mtambo wa kuchuja ujengwe, mamlaka hiyo ilijitetea mahakamani ikisema fedha hizo zina kazi bora zaidi katika ulinzi wa ardhi, ozoni na kubadilisha mabomba yenye kutu. Mwaka 2000 jaji wa shirikisho aliikubalia. Siwezi kuthibitisha kwamba waliotembea kwenye geti 40 ndio waliozuia mto kuchepushwa. Lakini nashindwa kuwaza umma ukipigania kwa miongo bonde ambalo haujawahi kuruhusiwa kuliona. Na niongeze, ili nisionekane napamba, kwamba umma unaopenda mahali unaweza pia kuwa kero. Mwaka 2016 jimbo lilipotaka kurejesha nyoka wa asili walio hatarini kutoweka kwenye kisiwa cha Mount Zion, ambako hakuna anayeruhusiwa kufika, zogo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mpango uliachwa mwaka uliofuata. Wapenzi wa mahali huja na hofu zao, na mamlaka inabidi iwavumilie.

Tusidanganyane: pingamizi zito kwetu linatoka nyumbani. Msomaji atasema, hayo ni ya Marekani, yenye askari, vipimo na watu wanaosoma ubao. Huku kwetu ukifungua njia leo, kesho kuna mahindi, keshokutwa kuna mkaa. Nakubali kwamba mahindi na mkaa ni tatizo. Udongo unaoteremka kutoka milima ya Uluguru kila masika na kupungua kwa mto Ruvu kila kiangazi vinajulikana Dar es Salaam nzima, kwa kuwa Ruvu ndio unaoinywesha. Swali ni kama mahindi hayo yaliletwa na watembeaji. Yaliletwa na uhaba wa ardhi, na yakastawi mahali ambapo hakuna mtu wa nje anayepita akauliza. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, iliyotupa ile kauli maarufu ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, inakataza katika umbali huo shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo. Mtu anayepita kwa miguu na kuondoka si shughuli ya kudumu. Na tayari tunao mfano: juu ya mji wa Morogoro watu wanapanda kila wikendi kwenda Morningside na vilele vya Uluguru, ndani ya hifadhi ya msitu, wakiongozwa na vijana wa hapo, na vijana hao wana sababu ya kutaka msitu ubaki. Kenya nako, bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na kutegemewa na Nairobi kwa sehemu kubwa ya maji yake, limekuwa na mbio za nusu marathoni zinazolizunguka, zilizoanzishwa makusudi ili watu walijue na kuchangia utunzaji wake. Maelfu ya viatu vimekanyaga kandokando ya maji ya Nairobi. Matatizo ya maji ya Nairobi, nayo ni mengi, yanajulikana chanzo chake, na viatu hivyo havimo.

Tofauti moja lazima ikubaliwe, na ndiyo inayoweka mpaka wa hoja yangu. Ndakaini inahifadhi mita za ujazo milioni 70; Quabbin ni zaidi ya mara 20 ya hapo. Bwawa dogo lina msamaha mdogo: maji yanakaa muda mfupi, na kosa linafika mjini haraka. Kwa hiyo masharti ya bwawa dogo yawe makali kuliko ya Quabbin, si mepesi. Njia ziwe chache na ziwe mbali na mlango wa kuchotea maji. Watu waende kwa makundi yenye kiongozi, na wakati wa mvua kubwa njia zifungwe, kwa sababu ndipo kinyesi na tope vinaposombwa. Pasipo choo kinachofanya kazi, geti lisifunguliwe kabisa. Mamlaka isiyoweza kusafisha choo kimoja haina sababu ya kukabidhiwa msitu.

Lipo bwawa ambalo haya yote yanaweza kupangwa mapema. Kidunda, mkoani Morogoro, linajengwa kwenye mto Ruvu kwa ajili ya Dar es Salaam, likiwa na uwezo wa mita za ujazo milioni 190, na kama ilivyokuwa bonde la Swift, kuna wananchi waliopisha mradi. Wanaolisimamia sasa wana ramani mezani na wino haujakauka. Ombi langu kwao ni la kawaida: wachore humo njia moja ya miguu ya kilomita chache, juu ya usawa wa maji, upande ulio mbali na mlango wa kuchotea, wajenge choo mwanzoni mwake, waajiri waongozaji kutoka familia zilizohama, kisha, bwawa likishajaa, watangaze siku ambazo mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaweza kupanda basi, akaenda kutazama maji anayokunywa yanatoka wapi.